Viwanja Vyetu Visingoje Maafa

Hakuna mkaazi wa Unguja asiyeijua Forodhani. Bustani ile ilifanyiwa matengenezo makubwa na kufunguliwa tena mwaka 2009, na tangu hapo imekuwa baraza la mji mzima: wazee hukaa kupunga upepo, wageni hula mishkaki na urojo, na vijana huruka kutoka ukutani na kujitosa baharini. Kuruka huko hupendeza macho. Lakini maji yakupwapo, palipokuwa na kina asubuhi huwa na mawe na mchanga alasiri. Hatusemi vijana wakatazwe. Bahari ni yao, na makatazo ya namna hiyo hayajapata kufuatwa. Tunataka alama ya kina ipigwe rangi ukutani, na boya la kuokolea liwekwe mahali panapoonekana.

Nao wauza vyakula wapewe mapipa ya chuma ya kumwagia majivu. Kaa lililofunikwa na jivu huonekana limezimika, na mtoto asiyevaa viatu ndiye anayegundua kuwa bado li hai.

Katika viwanja vya mpira tunahofia zaidi magoli. Goli la chuma lisilochimbiwa chini hupinduka mtoto akining'inia kwenye mwamba wake, na watoto wamekufa hivyo katika nchi nyingi. Visiwani petu kuna adui wa pili, nayo ni hewa ya chumvi, ambayo hulila bomba kutoka ndani ilhali nje rangi ingali inang'aa. Ofisa anayekagua kwa macho peke yake, akiwa garini, haoni kitu. Na achukue nyundo agonge. Akiwa huko aulize pia mistari imechorwa kwa nini, maana chokaa isiyozimwa huunguza macho na ngozi yenye jasho.

La malango ni zito kuliko yote. Mjini Accra, Mei 9, 2001, watu 126 walikufa uwanjani walipokimbilia malango, mengine yakiwa yamefungwa. Karibu nasi zaidi, Machi 21, 2021, watu 45 walipoteza maisha kwa msongamano katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam. Uwanja wa Amaan, uliofunguliwa mwaka 1970, ulipata sura mpya mwaka 2023, na sote tuliona fahari. Hata hivyo ufunguo wa lango, Amaan au Gombani, huwa mfukoni mwa mtu, nasi tungependa kujua mtu huyo husimama wapi mpira unapokwisha.

Tunajua fedha ni haba. Daftari, lakini, si ghali. Kila uwanja na kila bustani iwe na lake, liandikwe kasoro, siku ilipoonekana, jina la aliyeambiwa na siku aliyoitengeneza. Tunawaomba wahusika walifungue kabla ya Idi ijayo, siku ambazo watoto hujaa viwanjani kuanzia alasiri hadi usiku.