Kujinyima Maji Hakuzuii Mkojo

Swali ni lile lile, liulizwe Litein, Sotik au Silibwet: "Daktari, nipunguze maji kiasi gani ili nisivuje?" Anayeuliza mara nyingi ni mama mchumaji chai, au kogo, yaani bibi, aliyeletwa na mkaza mwanawe, na kabla hajafika kwangu huwa ameshaanza kujinyima. Nimechoka kulisikia, kwa sababu kila anayeliuliza ameshaumia.

Najua mazoea haya yametoka wapi. Shamba la chai ni wazi, vichaka vinaishia kiunoni, choo kiko mbali, na anayeacha kuchuma anapoteza kilo ambazo ndizo ujira wake. Basi mtu anatoka alfajiri bila kunywa chochote, anashinda na kiu, kisha jioni anakunywa vikombe vitatu vya chai ya maziwa mfululizo. Usiku anaamka kila mara kwenda haja ndogo, halafu anasema kibofu kimeharibika na kesho yake anapunguza maji tena.

Figo haziachi kazi kwa sababu hukunywa. Zinaendelea kutengeneza mkojo, ila kidogo na uliokolea. Ukiona mkojo wako una rangi ya chai ya strungi, jua unakichokoza kibofu, nacho kitajikaza kabla hakijajaa. Utabanwa mara nyingi zaidi, si mara chache. Choo kikubwa nacho kinakuwa kigumu, na kujikamua kila asubuhi kunalegeza misuli ile ile ya nyonga inayofunga njia ya mkojo. Vijidudu vinapata muda wa kuzaana kwa kuwa hakuna mkojo wa kutosha wa kuvisukuma nje, ndiyo maana UTI haiishi. Na kama unavuja ukikohoa, ukicheka au ukijitwika kikapu, ni misuli iliyolegea, aghalabu baada ya uzazi. Kibofu chenye mkojo kidogo kikisukumwa bado kitavuja. Sasa kiu hiyo imekusaidia nini?

Wapo wanaoacha hata dawa za presha kwa kuwa baadhi yake zinaongeza mkojo. Msifanye hivyo kamwe! Mwombeni daktari abadilishe saa ya kuzimeza.

Isipokuwa daktari wa moyo au figo amekuwekea kiwango, kunywa lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, kidogo kidogo tangu asubuhi, na uache saa mbili kabla ya kulala. Kinachofaa kupunguzwa ni chai yenyewe. Nayasema haya mahali ambapo chai ndiyo karo ya watoto, lakini kafeini huchochea kibofu, na lazima isemwe.

Mazoezi: bana misuli kama anayezuia upepo usitoke, hesabu polepole hadi kumi ukiweza, legeza. Mara nane, asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi mitatu bila kukosa. Usiyafanye ukiwa unakojoa. Kinga: pedi za hedhi hazikutengenezwa kwa mkojo, kwa hiyo ulizia kwenye duka la dawa pedi za mkojo au pampasi za watu wazima, ukiwa umejipima kiuno na nyonga. Bei ikikushinda, kunja kitambaa cha pamba, kifue kwa sabuni, kianike juani. Usifunge mfuko wa plastiki juu ya ngozi, utakuchubua. Badilisha mara tu kinapolowa, osha, kausha, paka mafuta mepesi tu, maana yakizidi pedi hainyonyi. Mgonjwa wa kitandani atandikiwe mpira chini ya shuka. Mzee anayedondosha matone huku mkojo hautoki vizuri akapimwe tezi dume na sukari kabla ya kununuliwa pampasi. Mkojo wenye damu, au kuvuja kulikoanza ghafla pamoja na ganzi miguuni, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Nanyi wanyapara wa mashamba ya chai, mama akiomba kwenda choo, mruhusuni.

Na mwanamke anayevuja mchana na usiku bila kukoma tangu alipojifungua huenda ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Mazoezi hayatamponya, wala dawa za miti shamba. Fistula hushonwa kwa upasuaji, na hospitali ya Gynocare mjini Eldoret inaifanya kazi hiyo. Msimfiche nyumbani, mpelekeni akachunguzwe.