Kichwa kuuma ghafla na macho kufifia: si malaria kila mara

Mkazi wa Kayole au Dandora akiumwa na kichwa na kutapika, aghalabu hununua dawa ya malaria, au hupimwa homa ya matumbo. Lakini Nairobi, iliyo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, malaria huambukizwa kwa nadra. Wengi huipata wakisafiri Kisumu au Pwani. Kuna chanzo kingine, nadra pia, kinachoweza kupofusha na hata kuua.

Chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna tezi iitwayo pituitari. Ukubwa wake ni kama punje ya njegere, ilhali ndiyo inayoziamrisha tezi nyingine nyingi mwilini. Tezi hii huweza kuota uvimbe ambao kwa kawaida si saratani, na wengi huishi nao bila kujua. Shida huanza unapowasukuma majirani. Juu yake neva za macho mawili hukutana. Zikibanwa, mgonjwa hupoteza polepole uwezo wa kuona pande za nje, huku mbele akiona vizuri. Ni kama dereva wa matatu asiyeiona bodaboda iliyo ubavuni mwake katika Barabara ya Jogoo. Miwani haitamfaa.

Hatari zaidi ni uvimbe huo kuvuja damu ghafla. Kichwa huuma kuliko mgonjwa alivyowahi kuumwa, hutapika, huona vitu viwili viwili, na ukope mmoja huweza kulegea na kufunika jicho. Shingo ikikakamaa na joto likipanda, hata daktari hudhani ni homa ya uti wa mgongo. Shinikizo la damu, ujauzito na dawa za kuzuia damu kuganda huweza kuchochea hali hii.

Tishio kubwa hapa ni upungufu wa homoni ya kotisoli: shinikizo la damu hushuka, na mgonjwa huzirai. Ndiyo maana sindano ya haidrokotisoni haifai kungoja picha. Tena picha ya CT huweza kukosa kuonyesha tatizo. MRI ni bora.

Mgonjwa wa aina hii apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mama Lucy Kibaki iko karibu, na Kenyatta kuna wapasuaji wa ubongo. Mara nyingi uvimbe hutolewa kupitia puani, bila kufungua fuvu.

Mweleze daktari pia dalili za awali: maziwa kutoka bila ujauzito, hedhi kukoma, au viatu kuanza kumbana mtu mzima. Uvimbe unaoleta maziwa mara nyingi hunywea kwa tembe tu.