Simba Hawasubiri Diski Mpya

Mwaka 2010 Ali Swanson, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Minnesota, alianza kutega kamera katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, maeneo ya Seronera. Kamera 225 zilitapakaa katika kilomita za mraba 1,125, kila moja ikijifyatua yenyewe inapohisi joto na mwendo. Kwa bahati mbaya, hata nyasi zilizopata moto wa jua zikipepea huifyatua. Kufikia 2013 mradi huo, Snapshot Serengeti, ulikuwa umekusanya mafungu ya picha milioni 1.2, na yenye wanyama yalikuwa 322,653 tu. Picha zenyewe sasa zimepita milioni 7.

Mtu angesema zile tupu zifutwe. La hasha! Mwaka 2018 Mohammad Sadegh Norouzzadeh na wenzake walichapisha utafiti uliotumia picha milioni 3.2 za mradi huo kuifundisha kompyuta kutambua wanyama, na picha tupu ndizo zilizoifundisha kutambua pasipo na mnyama. Kwa hiyo kila kitu kinatunzwa, na hakuna awezaye kukadiria mapema kitafika wapi.

Sasa chukulia hazina ya namna hiyo iko kwenye seva katika mji wa Mugumu, karibu na hifadhi. Kwa utaratibu wa zamani, eneo la faili limefungwa kwenye diski moja. Ikijaa, unanunua kubwa zaidi, unasimamisha kazi, unanakili usiku kucha.

Kuna njia nyingine. Mwaka 1998 Heinz Mauelshagen aliuandikia mfumo wa Linux programu ya LVM, akifuata mfano wa ile ya mfumo wa HP-UX. LVM huzigawa diski katika vipande vidogo, kwa kawaida vya megabaiti 4, na kuviweka vyote katika akiba moja. Kutoka humo unakata voliumu za ukubwa unaotaka. Ramani ya LVM ndiyo inayojua kipande kipi kiko diski ipi. Mfumo wa faili huona eneo moja lisilokatika. Nafasi ikibana, unachomeka diski mpya, unaiandaa kwa pvcreate, unaiongeza kwenye akiba kwa vgextend, kisha lvextend yenye -r hurefusha voliumu pamoja na mfumo wake wa faili, huku watu wakiendelea kufanya kazi. Diski ikianza kuugua, pvmove huhamisha vipande vyake kabla haijafa.

Ushauri wangu: usigawe akiba yote siku ya kwanza. Kurefusha ni rahisi, kupunguza ni taabu. Voliumu yenye mfumo wa faili wa ext4 lazima iondolewe kwenye matumizi kwanza ndipo ipunguzwe, na yenye mfumo wa XFS usiitegemee kupungua kabisa.

La kuogopa zaidi ni voliumu iliyotandazwa juu ya diski kadhaa bila RAID, yaani mpangilio wa diski unaostahimili mojawapo kufa. Ikifa diski moja, unaweza kupoteza yote. LVM inaweza pia kushika hali ya voliumu ilivyokuwa saa fulani, jambo linalofaa sana kabla ya kubadilisha programu, ila hali hiyo inakaa katika akiba ileile, kwa hiyo moto au mwizi akiingia, voliumu na hali hiyo vinaondoka pamoja. Seva ikiwa Mugumu, nakala ilale Tarime au Musoma, na mara kwa mara mtu aifungue kuhakikisha inasomeka.