Hati ya Ubora Katika Kazi za Huduma: Mfanyakazi Aelewe Nini?



Hapa Mbuya, na pande za Nakawa na Kinawataka chini ya kilima, ziko kampuni ambazo hazitengenezi kitu cha kushika mkononi. Kazi yao ni ulinzi, usafi, kufua nguo, kupikia watu na kuwasafirisha. Wengine katika wenzetu hao tunawaona kila siku langoni na jikoni mwa viwanda vyetu. Kampuni kama hizo hutafuta hati ya ISO 9001 ili zipate zabuni, na mara nyingi mfanyakazi huambiwa tu kwamba wakaguzi wanakuja. Yafaa tujue wanakuja kukagua nini.

Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilianza kazi mwaka 1947, na makao yake yako Geneva, Uswisi. Kiwango cha ISO 9001 kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1987, kikifuata kiwango cha Uingereza cha 1979 kilichokusudiwa hasa viwanda. Kimerekebishwa mara kadhaa, na toleo la 2015 linataja bidhaa na huduma pamoja. ISO yenyewe haitoi hati. Hutolewa na mashirika ya ukaguzi. Hapa Uganda mojawapo ni Shirika la Taifa la Viwango, UNBS, lililoundwa kwa sheria ya 1983 na kuanza kazi mwaka 1989. Kwa kawaida hati hudumu miaka 3, na wakaguzi hurudi kila mwaka.

Huduma si kama bidhaa. Chai mbovu hutengwa kiwandani kabla haijafungwa. Lakini mlinzi akimjibu mgeni vibaya, au chakula kikiwafikia baridi watu wa zamu ya usiku, kosa limekwisha kutendeka. Kwa sababu hiyo ubora wa huduma hutengenezwa mapema: kwa mafunzo, vifaa, watu wa kutosha na maelezo yanayoeleweka. Mambo hayo yamo mikononi mwa uongozi.

Tuchukue mfano wa kampuni ya usafi. Mteja analalamika kwamba choo ni kichafu. Mwajiri asiyeelewa kanuni humwandikia mfagiaji barua ya onyo, akafunga faili. Kanuni inataka zaidi ya hapo: kosa lirekebishwe, chanzo chake kitafutwe na kuondolewa, kisha iangaliwe kama dawa imefanya kazi. Huenda sabuni ilikwisha tangu Jumanne. Huenda mtu mmoja amepewa ghorofa tatu. Onyo halileti sabuni.

Kiwango hicho kinamtaka mwajiri pia aweke mazingira yanayofaa kwa kazi. Katika mifano yake kinataja joto, mwanga, hewa, kelele, hata kuzuia watu wasichoshwe kupita kiasi na kazi.

Lakini tusidanganyike. ISO 9001 haipangi mshahara wala saa za kazi. Hayo tunayadai kwa Sheria ya Ajira ya 2006 na kwa mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri. Usalama na afya kazini vina sheria yake, ya 2006 pia, na kiwango chake ni ISO 45001 cha mwaka 2018. Hati iliyotundikwa ukutani haithibitishi kwamba wafanyakazi wanatendewa haki.

Basi tufanye nini? Kwanza, tudai maagizo ya kazi yaelezwe kwa lugha tunayoifahamu. Karatasi ya Kiingereza ambayo mfagiaji hawezi kuisoma haijamfikia. Pili, kila upungufu wa vifaa au watu uandikwe kitabuni, pamoja na tarehe. Yaliyoandikwa hayakanushwi kwa urahisi. Tatu, mkaguzi akituuliza, tumjibu kweli. Kazi yake ni kulinganisha maandishi na matendo, na haiwezi kutimia bila kumsikia anayefanya kazi. Nne, mwenzetu akiandikiwa onyo kwa kosa la huduma, mwakilishi wa chama aulize kwanza: chanzo kimetafutwa? Kama jibu ni hapana, mwajiri amekiuka kanuni ileile anayojivunia, na chama kina hoja ya kumtetea mwenzetu mezani.