Karantini ilipokuta sanduku la kufuli tatu

Sanduku la kikundi cha akiba ni la bati. Lina kufuli tatu, na kila ufunguo hukaa kwa mwanachama wake, kwa hiyo halifunguliwi mpaka watu wakutane. Machi 2020 Uganda ilipiga marufuku mikusanyiko kwa ajili ya korona. Mama mwenye akiba yake humo alikuwa na fedha asizoweza kuzigusa, tena wakati alipozihitaji kuliko siku zote.

Mfano ni makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro nchini humo, ambayo yamepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi, na wengi hutegemea shamba dogo na biashara inayofika hadi mji wa Mbarara. Magari ya abiria yaliposimamishwa tarehe 25 Machi na bodaboda zikabaki za mizigo tu, njia hiyo ikabana. Nyanya zikishaiva hazingoji.

Aprili, kwa uhaba wa michango, Mpango wa Chakula Duniani ukapunguza mgao wa wakimbizi kwa asilimia 30. Waliokuwa wakipokea shilingi 31,000 kwa mwezi kila mtu wakapata 22,000. Februari 2021 zikashuka hadi 19,000, hazifiki hata shilingi 650 kwa siku. Biashara ilibanwa na mgao ukakatwa kwa pamoja, na hilo ndilo linaloniuma.

Mwaka huo, katika zuio la pili la korona, serikali ilituma shilingi 100,000 kwa simu kwa familia maskini za mijini, Mbarara ikiwemo. Ulikuwa msaada wa maana, ila ulilenga miji.

Watu wa huku Mbarara si wageni wa magonjwa ya mlipuko. Ebola iliyoanzia Gulu ilifika Mbarara mwaka 2000, na ugonjwa wa Marburg ukafika 2012. Anayetafutwa kwa sababu alimgusa mgonjwa hutakiwa kukaa chini ya uangalizi siku 21. Kama watoto wake hula kwa kibarua cha siku hiyo hiyo, atajificha, na ugonjwa utajificha naye. Ndiyo maana naamini fedha ya chakula itangulie amri ya kufunga, au angalau vyote viwili vifike siku moja.

Kazi ngumu ya kuwatambua wa kulipwa imekwisha kufanyika. Mwaka 2018 wakimbizi wa Uganda walihakikiwa kwa alama za vidole, nyumba kwa nyumba majina yanajulikana. Kinachotakiwa ni mfuko uliotengwa mapema, kabla mgonjwa wa kwanza hajapatikana.