Mshairi Mwenye Msiba Amwambie Nani?

Wako watu wanaoamini, na imani hiyo haikuanza leo, ya kuwa mshairi hatungi vizuri mpaka moyo wake uvunjike kwanza. Na aliyefikwa na firaki ya mahabuba wake huambiwa na sahibu zake, hata kabla hajafuta machozi, kwamba sasa ndipo itakapopatikana diwani yake kubwa. Yaliyo dhahiri kwa mwenye kuwachungua washairi ni kinyume cha hayo. Aghalabu mtu huyo hukaa kimya mwaka au miaka, kalamu i mkononi na karatasi i mbele yake, asiandike hata ubeti mmoja anaoweza kuusoma kesho yake bila ya kuuonea haya. Sababu yake, kwa nadhari yangu, ni kwamba amepoteza msikilizaji ilhali maneno bado anayo. Kila shairi la mapenzi lina mtu mmoja ambaye limeelekezwa kwake, hata likisomwa na elfu. Na mtu huyo akishaondoka, kwa mauti au kwa talaka au kwa treni, beti zinazobaki huwa kama barua isiyo na anwani.

Nimetaja treni kwa makusudi, kwa kuwa makala haya yanahusu Shituru. Shituru ni mojawapo ya sehemu nne zinazoufanya mji wa Likasi, pamoja na Kikula, na Panda, na Likasi yenyewe, yapata kilomita 120 kutoka Lubumbashi. Na jina lake limejulikana mbali kwa sababu ya kiwanda cha kusafisha shaba kwa asidi na umeme, kilichoanza kazi mwaka 1929 katika milki ya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ambayo serikali ya Kongo iliitaifisha mwaka 1967 na ambayo warithi wake wanaitwa Gécamines. Wanaume walioletwa kufanya kazi katika migodi na viwanda vya kampuni hiyo walitoka Kasai, na Rhodesia ya Kaskazini, na Ruanda-Urundi, na vijiji vya Katanga yenyewe, kila mmoja na lugha ya mama yake. Wakakutana katika Kiswahili, na watoto wao wakazaliwa ndani yake. Kwa hiyo nyumba nyingi za kambi za wafanyakazi hao zilianza kwa firaki, maana hapakuwa na mtu aliyefika pale bila ya kumwacha mtu mahali.

Katika mji huo, ulipokuwa ungali ukiitwa Jadotville, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimkuta mwaka 1952 kijana wa miaka ishirini na kitu akipiga gitaa, akamrekodi. Kijana huyo alikuwa Mwenda wa Bayeke, ambaye watu wa nje walimzoea kwa jina la Jean Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, makao ya mfalme Msiri. Na wimbo wake «Masanga» ukasikilizwa hata na watu wasioweza kuionyesha Katanga kwenye ramani. Wanamuziki wamesema mengi juu ya vidole vyake, nami sina la kuongeza. Ninalotaka kulisema ni kwamba alikuwa mshairi pia, mtungaji wa Kiswahili cha kwao ambacho walimu wa pwani wangekisahihisha kwa wino mwekundu, na kwamba watu wa Jadotville waliokuwa na jambo la moyoni walikuwa na mahali pa kulisikia likisemwa. Mwenda alifariki kwa ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990, na hakuiona miaka iliyofuata.

Miaka hiyo ni lazima itajwe, japokuwa wengi wangependa ipitwe. Mwezi Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz a Karl-i-Bond wa Katanga. Na katika majuma yaliyofuata Wakasai wa Likasi, ambao wengi wao walikuwa wamezaliwa papo hapo na hawakuwahi kuiona Kasai, walifukuzwa majumbani mwao. Makumi ya maelfu walilala kwenye stesheni na katika mashule, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka nchi waliyoisikia katika masimulizi ya babu zao. Na wengine walikufa wakingoja. Wanasiasa wa pande zote wameandikwa katika vitabu. Walioandikwa kidogo ni mume wa Kikatanga na mke wa Kikasai waliotakiwa kuchagua kati ya ndoa na kabila. Na wachumba waliokuwa na mapendo ya kweli, ambao mmoja alibaki Shituru na mwingine akaondoka na mizigo kichwani. Mshairi aliyefikwa na jambo kama hilo hakuvunjika moyo peke yake, kwa kuwa jirani waliokuwa wakimwambia «endelea» nao pia waliondoka na treni ile ile. Ni shida kubwa kuliko ile ya kijana aliyeachwa na msichana, na sidhani kama ni haki kuzipima kwa pishi moja.

Hapa ndipo ninapomkumbuka mshairi Shaaban Robert. Alikuwa karani wa forodha tangu mwaka 1926 mpaka 1944, mtu wa mshahara mdogo na uhamisho wa mara kwa mara, alipofiwa na mkewe Amina. Na msiba huo ameusimulia katika kitabu chake *Maisha Yangu*, na kumtungia marehemu shairi lenye jina lake. Msomaji akilitazama shairi hilo ataona jambo la ajabu: mtungaji haelezi habari za Amina kwa watu, bali anamwita na kusema naye, kana kwamba yu chumba cha pili. Amekataa kumbadili msikilizaji. Tena hakuyaacha majonzi yake yatiririke ovyo ovyo. Ameyafunga kwa vina na mizani ya mapokeo, sauti baada ya sauti, kama alivyozoea mchana kuhesabu bidhaa za watu. Wapo wahakiki wanaoona baridi katika utaratibu huo. Mimi naona kinyume: mtu asiyeweza kuumiliki moyo wake bado anaweza kuhesabu mpaka nane, na akishafika nane ameupata mshororo nusu.

Lakini mtu hawezi kusema na kaburi maisha yake yote. Katika kitabu kile kile zimo tenzi mbili za wasia, *Utenzi wa Hati* alioutunga kwa bintiye, na *Utenzi wa Adili* alioutunga kwa mwanawe wa kiume. Na sauti iliyokuwa ikimwita mke sasa inawaita watoto, kwa upole ule ule na kwa kituo kile kile. Baadaye msikilizaji wake alipanuka hata akawa kila mtu: *Utenzi wa Vita vya Uhuru*, wenye beti zipatazo 3,000, unasimulia vita vya 1939 mpaka 1945, vita ambamo madini ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, yaliingia katika bomu lililotupwa Hiroshima. Haukuchapishwa mpaka 1967, naye alikuwa amekwisha fariki mwaka 1962.

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa ametangulia katika njia hiyo. Mumewe, sheikh wa Siyu, alikufa 1856. Miaka miwili baadaye, mwenyewe mgonjwa, alimwita bintiye akae karibu na kumtungia utenzi unaosomwa mpaka leo. Mshairi Abdilatif Abdalla wa Kenya naye, katika kifungo chake cha 1969 hadi 1972, alikuwa peke yake katika seli, akaandika kwenye karatasi za msalani. Na msikilizaji wake alikuwa yeyote atakayezipokea nje ya ukuta.

Shaaban Robert, hata hivyo, alikuwa na neema ambayo mshairi wa Shituru hana. Alikuwa na *Mambo Leo*, gazeti lililokuwa likichapa mashairi ya wasomaji, na wasomaji wakijibizana humo kwa beti miezi na miezi, hata mwenye huzuni wa Tanga akajibiwa na mtu wa Tabora asiyemjua. Mwenzake wa Likasi hufundishwa shuleni kwa Kifaransa, hupenda na kuachwa kwa Kiswahili, na akitaka kuchapa huulizwa kwa nini hakuandika kwa lugha ya vitabu.

Lakini huko Likasi msiba unapoingia nyumba ya jirani, watu hukusanyika uani usiku kucha. Huimba, na katika jamii za Kiluba wapo wajuao *kasala*, ambamo marehemu huitwa kwa majina yake yote mbele ya walio hai. Hapo mfu husemeshwa na hai husikia, jambo ambalo Shaaban Robert alilifanya kwa Amina kwa karatasi. Mshairi wa Shituru aliyekaa kimya ningemtaka azipeleke beti zake huko kwanza, azisome mbele ya watu waliokesha, kabla ya kumtumia mchapaji wa Kinshasa au Paris ambaye atamtaka azitafsiri.