Arthur Parker na Historia ya Jikoni

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie habari za mtu aliyeitafuta historia jalalani na jikoni.

Arthur Parker alizaliwa mwaka 1881 huko Cattaraugus, katika ardhi ya Waseneca, jimbo la New York, Marekani. Waseneca ni mojawapo ya mataifa sita ya muungano wa Wairokwa. Upande wa baba, Parker alikuwa na damu ya Kiseneca. Mama yake alikuwa Mzungu. Kwa Waseneca mtoto ni wa ukoo wa mama, hivyo ilibidi Parker apokewe rasmi, akapewa jina la Gawasowaneh.

Mwaka 1906 akawa mwanaakiolojia wa jumba la makumbusho la jimbo, mjini Albany. Huko alichunguza makazi ya wahenga wa Kiirokwa, walioishi katika nyumba ndefu za miti na magome. Nguzo zilishaoza zamani, lakini pale zilipochimbiwa, udongo hubaki na madoa meusi. Ukiyafuata madoa hayo, unaona nyumba ilianzia wapi na kuishia wapi. Katikati kuna mstari wa meko, ambapo familia mbili, moja kila upande, zilitumia moto mmoja. Nje kuna jalala lenye mifupa, vigae vya vyungu na punje za mahindi zilizoungua.

Lakini punje iliyoungua haisemi ilikuwa ipikwe vipi. Parker akawaendea wenye mahindi wenyewe, Wairokwa waliokuwa hai, na mwaka 1910 akachapisha kitabu kizima kuhusu mahindi yao. Mama wa Kiseneca alichemsha mahindi kwa maji ya majivu mpaka maganda yakaachia. Aliyaosha ndani ya kikapu maalumu, maji na maganda yakapita, punje zikabaki. Kisha akayatwanga kwenye kinu cha gogo, kwa mchi mrefu mnene ncha zote mbili na mwembamba katikati, anaposhika. Unga aliuchanganya na maharage, akafinyanga mkate, akauchemsha majini.

Mwaka 1911 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya vitu vya kale vya Wairokwa vilivyohifadhiwa Albany. Parker hakuacha kazi. Baadaye, akiwa mkurugenzi wa makumbusho ya Rochester, alianzisha mradi ulioendelea kuanzia 1935 hadi 1941. Mafundi wa Kiseneca walilipwa kusuka vikapu, kuchonga vijiko na kutengeneza vitu vya mababu zao. Vilipita 5,000. Vya Albany vilikuwa vimeungua, lakini ujuzi wa kuvitengeneza ulikuwa bado mikononi mwa watu.

Basi wanangu, mkisoma historia, msiridhike na vita na majina ya wakubwa. Ulizeni nani alitwanga, nani alikula, na moto ule ulikuwa wa nani. Mkishaona udongo umenyamaza, waulizeni wenyewe, mradi mwende kwa adabu na mkae kusikiliza mpaka mwisho.